Mikimbio 56 ya Sharjah

Tarehe 30 Septemba 2013 timu ya taifa ya kriketi ya Kenya ilikuwa Sharjah, Falme za Kiarabu, ikicheza na Afghanistan mechi ya ova 20. Afghanistan walianza kupiga, wakaweka mikimbio 162. Kenya ilipoingia kujibu, wapigaji wake wote walitolewa kwa jumla ya mikimbio 56. Siku mbili baadaye timu hizo zikakutana tena, safari hii kwa ova 50, na tarehe 4 Oktoba zikarudiana. Kenya haikufikisha 100 katika mechi yoyote kati ya hizo mbili. Ya pili iliishia 93, na ushindi huo ndio uliowapa Afghanistan tiketi ya Kombe la Dunia la 2015, la kwanza kwao la ova 50. Ikabaki mechi ya siku nne, na hiyo nayo ikaenda kwa Afghanistan. Safari moja, aina tatu za mchezo, vipigo vinne.

Kenya hii ndiyo iliyocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia miaka kumi kabla.

Kisa hiki nakileta Ipuli nikijua kwamba hapa kriketi haina kijiwe. Mtu wa Ipuli akitaja mpira hahitaji kueleza ni mpira gani, na ukimwonyesha gongo la kriketi atakuuliza linatwangia nini. Hata hivyo Ipuli ni kata ya Manispaa ya Tabora, na Tabora ni mji uliozaliwa na safari. Kabla ya reli kulikuwa na Kazeh na Kwihara huku Unyanyembe, na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikafika hapa, ikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda kaskazini. Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh tarehe 7 Novemba. Henry Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni. Vitabu vimewapa wao sifa, ingawa mizigo ilikuwa juu ya mabega ya watu wengine, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Kazi ya upagazi ilikuwa na kanuni zake, na wazee wetu walizijua kuliko mabwana waliowaajiri. Mzigo ulikuwa karibu frasila mbili kwa mtu. Ujira ulipatanwa kabla ya kuondoka. Posho ilihesabiwa kwa siku, na ikipungua njiani mpagazi aliweka mzigo chini akakaa, akangoja bwana mkubwa apate akili. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alijua lini msafara utembee saa chache za asubuhi kisha upige kambi, na lini upige terekeza: mwendo wa kuanzia mchana, jua likiwaka, kuvuka nyika isiyo na maji hadi kambi ya pili. Mgunda Mkali, ile nyika baina ya Ugogo na Unyanyembe, haikuvukwa na msafara uliojua mwendo mmoja tu. Asiyejipanga Bagamoyo aligundua upungufu wake akiwa kati ya Mgunda Mkali, mahali ambapo hakuna duka.

Kriketi nayo ina miendo yake. Mechi ya ova 20 humalizika kwa saa tatu hivi. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo kila timu hurushiwa mipira 120, na mpigaji hana muda wa kumzoea mrushaji. Anapiga kwa nguvu tangu mwanzo, na akitoka ametoka. Ya ova 50 inachukua kutwa nzima. Hapo unataka watu wa kujenga taratibu, watu wa kushika katikati na watu wa kumalizia, na unataka warushaji wanaoweza kurudi jioni wakiwa bado na pumzi. Ya siku nne ni dunia nyingine. Kila timu inapiga mara mbili, na kazi kubwa ya mpigaji ni kubaki. Anauacha mpira wa hatari upite, anachosha warushaji, analala, anaamka, anaendelea pale alipoachia jana. Hakuna anayejifunza hayo akiwa ziarani. Mtu husafiri nayo au husafiri bila ya kuwa nayo.

Ndiyo maana ziara ya aina tatu za mchezo ni mtihani mkali kuliko mashindano. Katika mashindano unaweza kubahatika siku moja ukasahauliwa mabaya yako. Ziara inakurudisha kwa mpinzani yule yule, kwa urefu tofauti, mpaka ajue kila ulichokikosa. Kule Sharjah ova 20 zilionyesha kwamba Kenya haina vijana wanaotulia wakibanwa. Ova 50 zilionyesha kwamba haina wa kujenga. Siku nne zilionyesha kwamba nyumbani kwao hakuna ligi ya kuwafundisha kubaki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoharibika Sharjah.

Turudi nyuma, maana uharibifu ulianza siku za furaha.

Tarehe 24 Februari 2003, uwanja wa Nairobi, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa tofauti ya mikimbio 53 katika Kombe la Dunia. Kijana mmoja, Collins Obuya, alitoa wapigaji watano kwa mikimbio 24. New Zealand walikuwa wamekataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, na pointi zao zikabaki kwa wenyeji. Bangladesh wakafungwa, Zimbabwe wakafungwa. Tarehe 15 Machi huko Durban, Kenya ikicheza na Australia, mabingwa wa dunia, Aasif Karim wa Mombasa alirusha ova nane na mipira miwili, akatoa wapigaji watatu, akafungwa mikimbio saba tu. Kenya ilishindwa siku ile, lakini hakuna aliyekumbuka kushindwa. Siku tano baadaye, Durban hapo hapo, ikaja nusu fainali. India waliweka 270, Kenya wakajibu kwa 179. Nahodha wao, Steve Tikolo, alipata mikimbio 56 peke yake.

Namba hiyo iwe akilini. Nahodha mmoja wa 2003, mikimbio 56. Timu nzima ya 2013, mikimbio 56.

Sasa mtazame tena Aasif Karim. Alikuwa na umri wa miaka 39, alikuwa amekwisha kustaafu, mtu wa shughuli zake za bima, na alirudishwa kwa ajili ya Kombe lile. Magazeti yaliandika hadithi tamu ya mstaafu aliyewatia adabu Waaustralia. Tamu ilikuwa kweli. Lakini katika utamu ule kulikuwa na swali ambalo hakuna kiongozi aliyeliuliza kwa sauti: nchi iliyoingia nusu fainali, kwa nini ilimhitaji mstaafu? Karibu timu nzima ilikuwa imetoka katika vilabu vichache vya Nairobi na katika familia chache. Obuya walikuwa watatu, tumbo moja: Kennedy aliyejulikana kwa jina la Otieno, David na Collins. Suji walikuwa wawili, Martin na Tony. Tikolo alikuwa na kaka zake waliomtangulia katika mchezo. Ni jambo la fahari familia kutoa wachezaji watatu. Kwa anayehesabu miaka ni jambo la kutisha pia, kwa sababu familia hizo zikizeeka, taifa limezeeka.

Mgema alisifiwa, na tembo likaanza kutiwa maji. Baada ya 2003 pesa zilikuja, na ugomvi ukaja na pesa. Wachezaji walilalamika malipo, chama cha kriketi kikajibu kwa vyombo vya habari. Agosti 2004 Maurice Odumbe, mtu aliyeongoza Kenya kuifunga West Indies mjini Pune mwaka 1996, alifungiwa miaka mitano kwa kupokea pesa kutoka kwa watu wa kamari. Mwishoni mwa mwaka ule ule wachezaji wa kikosi cha kwanza wakagoma, na timu iliyokwenda Falme za Kiarabu kucheza nusu fainali ya Kombe la Mabara, wakati huo likiwa la mechi za siku tatu, ikaenda bila wengi wa wakongwe wake. Mwaka 2005 chama kikavunjwa, kikaundwa kipya, Cricket Kenya.

Sitaki kumwonea mgomaji. Mpagazi aliyeweka mzigo chini kwa ajili ya posho hakuwa mvivu, alikuwa anasoma mkataba kuliko aliyeuandika. Wachezaji wa Kenya walikuwa na hoja yao. Ila msafara uliokaa chini haufiki, awe na haki nani, na wakati Kenya imekaa chini wengine walikuwa wanatembea. Kuanzia Septemba 2004 hadi Februari 2006 Kenya haikucheza hata mechi moja rasmi ya kimataifa ya ova 50. Karibu mwaka mmoja na nusu! Mtu aliyekuwa na miaka 21 wakati wa nusu fainali alikuwa anaelekea 24, umri ambao mpigaji wa kriketi ndio anaanza kuelewa kazi yake, na kwa miezi yote hiyo hakuwa na mahali pa kuifanya.

Wakenya wanao utetezi, na kwa sehemu ni wa kweli. Mataifa makubwa hayakuwaalika. Bangladesh, ambao Kenya iliwafunga 2003, walikwishapewa tangu mwaka 2000 daraja la juu la kucheza mechi za siku tano, na Kenya ikaachwa mlangoni. Ni nani atakayekua bila kucheza na wakubwa? Hoja hiyo ningeikubali yote kama isingekuwa habari ya Dar es Salaam.

Oktoba 2008 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya Ligi ya Dunia ya Kriketi, Daraja la Nne. Daraja la Nne, yaani huko chini ambako kamera hazifiki. Timu zilikuwa sita: wenyeji Tanzania, Hong Kong, Italia, Jersey, Fiji na Afghanistan. Mwezi Mei wa mwaka huo Afghanistan walikuwa chini zaidi, Daraja la Tano, kisiwani Jersey. Wengi wao walijifunza kriketi wakiwa watoto wa wakimbizi huko Pakistan, katika kambi za jirani na Peshawar. Hawakuwa na uwanja wa taifa wa kujivunia, hawakuwa na historia, hawakuwa na mgeni yeyote mkubwa aliyekuwa anagombania kucheza nao. Walikuja Dar es Salaam, wakawafunga Hong Kong kwenye fainali, wakabeba kombe lao la Daraja la Nne wakaondoka. Nadhani wakazi wengi wa jiji hata hawakujua kwamba walikuwapo.

Oktoba ile Kenya ilikuwa bado na hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa, kitu ambacho Afghanistan walikuwa wanakitazama kwa mbali. Miezi sita baadaye, Aprili 2009, Afghanistan wakakipata. Halafu wakafanya jambo ambalo wapenzi wengi wa kriketi hulisahau, kwa kuwa tumezoea kuwafikiria Waafghani kama watu wa ova 20, watu wa kupiga mpira ukapotelea nje. Walishinda Kombe la Mabara la 2009 hadi 2010, kombe la mechi za siku nne, wakiifunga Scotland katika fainali huko Dubai Desemba 2010. Walijifunza kubaki kabla ya kujulikana kwa kupiga. Timu iliyoikuta Kenya Sharjah mwaka 2013 haikuwa imeokota bahati. Ilikuwa imepita mwendo mrefu kwanza, mfupi ukaja kuwa rahisi.

Na Kenya katika miaka hiyo? Ilikuwa inapewa onyo baada ya onyo. Septemba 2007 mjini Johannesburg, Sri Lanka waliipiga mikimbio 260 katika ova 20, Kenya ikajibu kwa 88. Februari 2011 mjini Chennai, New Zealand waliimaliza Kenya kwa mikimbio 69 katika mechi ya ova 50, na Kenya ikarudi nyumbani kutoka Kombe lile la Dunia bila kushinda mechi hata moja. Katika giza hilo kuna mtu mmoja aliyebaki kunifurahisha, yule yule Collins Obuya. Urushaji uliompa umaarufu 2003, na ukampeleka mpaka klabu ya Warwickshire Uingereza, ulikuwa umemponyoka. Akajifunza upya kama mpigaji, na Machi 2011 huko Bangalore akapata 98 dhidi ya Australia bila kutolewa. Mwaka huo akapewa unahodha. Mtu mmoja anaweza kujijenga upya akiwa na moyo. Taifa halijengeki kwa moyo wa mtu mmoja, na hilo wanaoendesha michezo huku kwetu hawapendi kulisikia, maana kumsifu mtu mmoja ni rahisi kuliko kuendesha ligi.

Baada ya Sharjah, Novemba 2013, Kenya ilirudi Falme za Kiarabu kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la ova 20. Ikamwita Steve Tikolo. Alikuwa na miaka 42, alikuwa amestaafu tangu Kombe la 2011. Weka jambo hili kando ya lile la Aasif Karim: mara ya kwanza mstaafu aliitwa, watu wakashangilia, mara ya pili mstaafu aliitwa na hapakuwa na la kushangilia, kwa sababu kila mtu aliona kwamba katika miaka kumi ile hakuna aliyelelewa kushika nafasi yake. Januari 2014 huko New Zealand Kenya ikapoteza hadhi ya mechi rasmi za ova 50. Februari 2018, katika Daraja la Pili huko Namibia, ilifungwa mechi zote, ikamaliza mkiani. Nahodha, kocha na mwenyekiti wa chama wakajiuzulu kwa pamoja. Kujiuzulu huko nakuheshimu. Ila kulichelewa miaka kumi na tano, na waliojiuzulu sio walioharibu.

Sasa nirudi kwenye zile 56, nisije nikaonekana naidhalilisha Kenya kwa namba. Juni 2024, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 huko Trinidad, Afghanistan walicheza na Afrika Kusini wakatolewa wote kwa mikimbio 56. Namba ile ile, kichekesho cha Mungu. Septemba ya mwaka huo wakakutana na Afrika Kusini hao hao Sharjah, mechi tatu za ova 50, wakashinda mbili na kuchukua mfululizo. Kila timu inayosafiri itapata siku yake ya 56. Afghanistan walirudi wakakuta kazi inaendelea, wachezaji wa kuchagua wapo, ligi ipo, kwa hiyo aibu yao ilidumu miezi mitatu. Aibu ya Kenya inaendelea kwa kuwa waliporudi kutoka Sharjah hapakuwa na kitu cha kurudia.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka viongozi wa timu zetu za Ipuli waitazame, hata kama hawatashika gongo la kriketi maisha yao yote. Msimu wa ndondo ukifika, timu hukodi basi dogo kwenda Nzega, Urambo au Sikonge. Ukikaa na wachezaji kabla ya safari utasikia mazungumzo yale yale. Mzee wa mtaa anauliza, "Mmejiandaa, wanangu?" Anajibiwa, "Shikamoo mzee. Wewe tupatie nauli tu, mengine tutajua huko huko." Huko huko ndiko wanakojua kwamba kipa hakuja kwa sababu aliahidiwa kitu hakupewa, kwamba chakula kinatosha watu tisa, kwamba beki wa kushoto amechukuliwa kutoka kata nyingine jana yake na hajui jina la mwenzake. Wakifungwa, basi linarudi likiwa na lawama kwa mwamuzi. Na wakishinda? Wakishinda ni vibaya zaidi. Kikombe kinazungushwa mitaani, anatafutwa wa kupiga naye picha, na hakuna anayeuliza wale wanne wenye umri wa miaka 34 watacheza mpaka lini.

Ushindi wa Kenya wa 2003 ulikuwa wa namna hiyo kwa kipimo kikubwa. Ulikuwa wa halali, ulipatikana kwa jasho, na uliwapofusha waliokuwa wanatakiwa kuona. Timu ikifungwa inajua ina njaa. Timu iliyofika nusu fainali hudhani imeshiba.

Uganda, majirani zetu wengine, wamefika nao. Juni 2024 walicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, wakawafunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga akarusha ova zake nne kwa mikimbio minne tu, akitoa wawili. Alikuwa na miaka 43, Nsubuga yule. Katika mashindano hayo hayo West Indies waliwatoa Waganda wote kwa mikimbio 39. Nimempigia makofi Nsubuga kama kila mtu. Nikiisha kupiga makofi nauliza swali la Aasif Karim.

Na Tanzania? Hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa cha majirani. Mwaka 2024 timu yetu ya wanaume ilipata nafasi katika ligi ya mchujo wa Kombe la Dunia la ova 50, Challenge League, ikawekwa kundi moja na Uganda, Hong Kong, Italia, Bahrain na Singapore. Katika kundi la pili la ligi hiyo hiyo ilikuwamo Kenya. Yaani nchi iliyokuwa nusu fainali na nchi iliyokuwa mwenyeji wa Daraja la Nne zilijikuta zimesimama ngazi moja. Sisi tunapanda, wao walishuka, tumekutana katikati. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 wakashinda mchujo wa Afrika huko Lagos, wakafuzu Kombe la Dunia la umri wao la Januari 2026, mara ya kwanza kwa Tanzania, wakapangwa kundi moja na West Indies, Afrika Kusini na Afghanistan. Furaha hiyo tunaistahili, na mimi simnyimi mtu shangwe zake.

Ila 2003 nayo ilikuwa shangwe. Kijana aliyekuwa na miaka 18 Januari 2026 atakuwa na 27 Kombe la Dunia la 2035 litakapokaribia, umri wa mpigaji aliyekomaa. Kati ya sasa na hapo atacheza wapi? Ova 20 zipo, ova 50 zipo. Kwenye za siku nne hataalikwa na mtu: Kombe la Mabara lilifanyika kwa mara ya mwisho 2015 hadi 2017, na tangu hapo timu za daraja letu hazina mashindano ya mwendo mrefu. Afghanistan walilipata shirika la dunia likiwa bado linatoa shule hiyo bure. Sisi tumefika mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo mwendo huo itabidi tuufundishe wenyewe, nyumbani, bila kungoja ratiba kutoka nje.

Wala si jambo la mabilioni. Chama kinaweza kuanza na mechi ya siku mbili kati ya mikoa wakati wa likizo za shule, vijana wapige mara mbili, walale, waamke waendelee. Tabora ina shule za bweni zenye viwanja tangu wakati wa Mwingereza, na ina reli ya kuwaleta wageni. Wachezaji watatu wanne wa umri mkubwa wakae pembeni wakifundisha badala ya kungojea kuitwa wakiwa na miaka 42. Kibali cha makao makuu ya kriketi kule Dubai hakihitajiki. Kinachohitajika ni uwanja uliofyekwa, mpira mwekundu, mwamuzi asiyeondoka saa kumi, na mtu aliyekabidhiwa pesa mapema ya kupika ubwabwa wa watu 30 siku mbili mfululizo.